Mtoto akiuliza kama guka (babu yake) ameenda mbinguni ama motoni, umjibu aje

Hili swali halingoji mazishi. Linakuja jioni watu wamejaa kwa nyumba, wamekuja kuomba na kuchanga, mweka hazina anasoma pesa zenye zimetumwa, chai inapitishwa, na katikati ya hiyo yote mtoto wa miaka sita anavuta leso ya mamake anauliza, mum, guka ako mbinguni ama ako kwa moto? Nyumba inanyamaza. Auntie mmoja anasema shh, mwingine anasema "ako na Yesu" haraka haraka ndio mkutano uendelee, na mtoto anabaki na swali lake vile lilikuwa, sai likiwa na woga juu yake.

Mimi nafundisha sandeskuli huku Eastlands na haya maswali naletewa sana, juu mtoto akikosa jibu nyumbani analeta kwa ticha. Naandika hii kwa mzazi, shosho (nyanya), anko, yeyote mwenye ataulizwa. Mimi ni Mkristo lakini nimeweka pia yale ya majirani zetu Waislamu, juu hapa Nairobi tunazikana wote.

Kwanza mwambie guka amekufa

Sio kesho, sio baada ya mazishi, siku hiyo hiyo. Huku kwetu mwili unaweza kaa mochari wiki nzima ama zaidi, juu kuna bili ya hospitali, kuna mchango, kuna basi ya kwenda ushago (kijijini), na hizo siku zote mtoto anaskia simu zikipigwa usiku, anaona picha ya guka kwa statasi ya kila mtu, na watoto wa ploti wanamwambia kile wameskia kwao. Ukinyamaza hujamficha kitu, umemwacha tu aelewe peke yake. Kwa Waislamu ni haraka zaidi, mtu akifa asubuhi mara nyingi jua halizami kabla azikwe, kwa hivyo mzazi ako na masaa tu ya kumkalisha mtoto chini kabla mwili utolewe.

Aongee mtu mwenye mtoto amemzoea. Pasta anaweza kuja baadaye. Zima tv, kaa chini sawa na yeye, sema "guka amekufa." Najua watu wengi wanaona ni maneno makali kwa mtoto, lakini angalia hizo zingine zinafanya nini. Ukimwambia guka amelala, ataogopa kulala, na ataogopa zaidi wewe ukilala. Ukimwambia amesafiri, atangoja, alafu atakasirika juu hakuagwa. Na ukimwambia Mungu alimpenda sana ndio akamchukua, mtoto ataanza kupiga hesabu nani mwingine Mungu anapenda, na ataomba kimoyomoyo Mungu asimpende mum.

Alafu mweleze mwili. Kufa ni mwili kuacha kufanya kazi, moyo umesimama, guka hapumui, haskii baridi, haskii njaa, haskii uchungu tena, na hawezi rudi. Hii iseme kabla hujagusa mambo ya mbinguni, na sababu ni moja, mtoto mwenye hajaelewa kwamba mwili hauskii kitu atachanganya kila kitu kingine utamwambia. Atafikiria guka anaskia baridi kwa friji ya mochari. Atafikiria anakosa hewa kwa jeneza. Na kama ameskia mahubiri ya moto, atafikiria ni ile ngozi ya guka yenye anaijua inaungua.

Umri nao uangalie. Chini ya miaka mitano hivi watoto wengi wanaona kifo ni kitu cha kurudi, ndio maana mmeenda ushago, mmezika, amemwaga mchanga kwa kaburi na mkono wake, na kesho yake anauliza guka atakuja lini. Hajakosa heshima na hajapagawa, mjibu tena vile ulimjibu jana, maneno yale yale. Kufikia miaka tisa ama kumi wengi wameshaelewa kwamba hakirudi nyuma na kwamba kila mtu atakufa hata yeye, na hapo ndio maswali ya mbinguni na jehanamu yanakuwa mazito kweli.

Mwambie pia ni nini kilimuua, kwa jina. Kansa, presha, ajali. Watoto wadogo wanaamini mawazo yao yana nguvu, mtoto alikasirika juu guka alimnyima simu akasema moyoni "ufe tu", wiki iliyofuata guka akakufa, na sasa anaamini ni yeye alimuua na Mungu ameandika. Huyu ndio ataogopa jehanamu kuliko wote na hatakuambia. Kwa hivyo usingoje aseme, mwambie tu wazi, hakuna kitu ulisema ama ulifikiria ama ulifanya chenye kilimuua guka, alikuwa na ugonjwa wa moyo na daktari walijaribu.

Na ukilia mbele yake ni sawa. Yesu alilia kwa kaburi la Lazaro na alikuwa anajua anaenda kumfufua. Mtume Muhammad alilia akimshika mwanawe Ibrahim akikata roho. Mtoto akiona umekauka uso anajifunza kwamba kulia ni kukosa imani, na hiyo sio dini ya mtu yeyote hapa.

Mbinguni

Hapa ongea kwa "sisi tunaamini". Sisi tunaamini guka ako mikononi mwa Mungu, sisi tunaamini tutaonana tena. Hiyo "tunaamini" inakusaidia baadaye akikutana na rafiki mwenye kwao wanaamini tofauti, hataona kama mmoja wenu alimdanganya. Kama wewe mwenyewe huna uhakika, mwambie vile bibilia ama kurani inasema, mwambie na shosho anaamini nini, alafu mwambie wewe bado unafikiria. Watoto wanavumilia hiyo vizuri kuliko wakubwa.

Lakini usiipake mbinguni sukari hadi mtoto atamani kwenda leo. Hii nasema nikiwa na uchungu. Mtoto amefiwa na mamake, kila mgeni akiingia anamwambia mum yako sai ako mahali pazuri sana, hakuna shida, anakula vizuri, anakuangalia, na nyumbani kwenyewe chakula ni cha shida na kila mtu amenuna. Atasema nataka kufa niende kwa mum. Akisema hivyo usimkaripie na usicheke, muulize polepole anamaanisha nini. Mara nyingi anamaanisha nimemmiss mum, nataka kumwona. Mwambie umeelewa, wewe pia umemmiss, na mwambie kabisa kwamba Mungu anataka yeye aishi hapa, akue, na hakuna mtu anaenda mbinguni kwa kujikufisha ndio afike mapema. Akirudia, ama aanze kusema ni vipi atafanya, tafuta msaada siku hiyo hiyo. Kuna namba ya Childline, 116, ni ya bure na inashikwa saa yoyote mchana na usiku, mtoto mwenyewe anaweza piga na wewe pia unaweza piga.

Na tusisahau Shakahola. 2023 kule Kilifi, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa kwa ule msitu, na wengi walikuwa watoto, watu waliambiwa wafunge hadi kufa ndio wamwone Yesu. Wale watoto hawakuchagua, walipelekwa na watu wakubwa wenye waliamini mbinguni kuna njia ya mkato. Ndio maana mtoto yeyote mwenye napita naye kwa hii mada lazima askie kutoka kwangu kwamba mtu mkubwa yeyote, awe pasta, awe nabii, awe mzazi, akikuambia uache kula ama uache dawa ndio uende kwa Mungu, unakataa, unatoka hapo, unamwambia ticha ama jirani.

Moto

Hapa ndio watu wanakosea mbaya, na nitakaa kidogo.

Mtoto wa Nairobi ameskia jehanamu kabla hujamwambia. Ameskia kwa mhubiri wa steji na spika yake, ameskia kwa kesha ya kanisa la chini ya ploti, ameskia kwa madrasa, na pengine ameskia kwako ukimwambia ukiendelea kudanganya utachomwa. Hiyo ya mwisho iache kabisa. Mtoto ukimtisha na moto kwa sababu ya maziwa yenye amemwaga, siku mtu wake akifa hana mahali pengine pa kuweka yale makosa yote aliona guka akifanya, na alimwona guka akikunywa, alimwona akipigana na shosho. Umemfundisha hesabu na jibu lake ni moto.

Kwa hivyo akikuuliza guka ako wapi, jibu langu ni hili, na naliamini: ni Mungu peke yake anajua na ni Mungu peke yake anahukumu, na Mungu huyo anampenda guka kuliko vile sisi tunampenda. Usiongeze "lakini". Wala usimpeleke guka motoni kwa mdomo wako, hata kama alikuwa mlevi, hata kama hakuwahi kanyaga kanisa.

Na hii sio mimi nalainisha dini. Angalia madhehebu yetu yenyewe. Kanisa Katoliki limetangaza watakatifu wengi sana lakini halijawahi kutangaza mtu hata mmoja kwa jina kwamba ako jehanamu, na lina toharani, yaani kutakaswa kabla ya kuingia mbinguni, lina siku ya kuwaombea marehemu wote tarehe 2 Novemba, yaani bado linawaombea watu wenye wewe umeshawahukumu. Waadventista, yaani Wasabato, wanaamini wafu wamelala, hawajui neno lolote, hakuna mtu anaungua sai, hadi Yesu arudi. Waislamu wanafundisha kuna barzakh, yaani kipindi cha kungoja kabla ya kiyama, kuna maswali ya malaika Munkar na Nakir kaburini, alafu siku ya hukumu, na hiyo hukumu ni ya Mwenyezi Mungu mwenye kila sura ya Kurani isipokuwa moja inaanza kwa kumtaja kuwa Mwingi wa rehema. Wanatofautiana sana kuhusu ni nini kinatokea na ni lini, lakini hakuna mahali mtu wa kwa matanga amepewa orodha ya majina.

Kuhusu mtoto mwenyewe, kama anaogopa yeye ndio ataungua, mwambie wazi kwamba hapana. Yesu alisema waacheni watoto waje kwangu, akasema ufalme ni wa walio kama hao. Kwa Uislamu mtoto mwenye hajabaleghe kalamu haijaanza kumwandikia dhambi. Na kama mmepoteza mtoto mchanga hata kabla ya ubatizo na ndugu yake anauliza, ile tume ya wanateolojia ya Vatican 2007 ilisema kuna sababu nzito za kutumaini kwamba watoto hao wanaokolewa, kwa hivyo yule auntie mwenye anakwambia kwa sikio ati huyo mtoto yuko mahali pa giza, mwambie kwa heshima anyamaze, hasa mbele ya watoto.

Swali gumu kuliko yote ni la mtu mwenye amejiua. Watoto wanaambiwa ameshikwa na presha, alafu wanaskia ukweli kwa choo ya shule. Mwambie ukweli kwa kipimo chake: anko alikuwa mgonjwa kwa mawazo, huo ugonjwa ulimfanya akajiua, sio makosa yako, na kuna watu wanasaidia mtu akiskia hivyo. Akiuliza kama ataungua, katekisimu ya Katoliki ya 1992 inasema tusikate tamaa juu ya wokovu wa milele wa watu wenye wamejiua, Mungu ana njia zake na Kanisa linawaombea. Hata sheria yetu imeanza kugeuka, Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kile kifungu cha 226 cha sheria ya jinai chenye kilikuwa kinafanya kujaribu kujiua kuwa jinai kinaenda kinyume na katiba. Kama korti imeona ni mtu wa kutibiwa, sisi kwa matanga tusimfanye mtoto wake akae na aibu.

Kuchomwa mwili

Hii watu wanasahau kabisa. Siku hizi kuna familia zinachoma mwili, Wahindu wamefanya hivyo hapa Nairobi, kule Kariokor, miaka na miaka, Wangari Maathai alichomwa hapo 2011 baada ya kukataa jeneza la mbao, Bob Collymore, bosi wa Safaricom, pia 2019. Sasa fikiria mtoto mwenye kitu kimoja tu anajua kuhusu wafu na moto ni jehanamu, alafu anaskia kwa meza kwamba guka ataenda kuchomwa. Kaa na yeye kabla. Mwambie huu moto ni njia ya kuaga mwili, kama kaburi lilivyo njia, guka mwenyewe ndio aliomba, mwili hauskii kitu, na hii haina uhusiano wowote na adhabu. Mwambie mtabaki na jivu na mtafanya nini nalo. Ukifikiria amekuelewa, muulize akueleze yeye, hapo utaskia ni wapi amechanganya.

Kuona mwili na kwenda mazishi

Usimlazimishe na usimfungie. Mweleze kile ataona: guka atakuwa na suti, uso utakuwa mgumu na rangi imebadilika kidogo, ukimgusa ni baridi, watu watalia kwa sauti. Alafu muulize kama anataka. Akisema hapana, ni hapana, hata kama wakubwa wanasema lazima amuage. Mpe mtu mmoja mkubwa wa kumshika mkono siku nzima, mtu mwenye hayuko kwa programu, mwenye anaweza toka naye nje saa yoyote. Kwa Waislamu mara nyingi wanawake na watoto wanabaki nyumbani jeneza likipelekwa makaburini, basi mwenye amebaki na yeye amwambie huko sasa wanafanya nini, mwili umefungwa sanda, unalazwa kwa ubavu ukiangalia kibla, wanaomba dua.

Na mtu aongee na mhubiri mapema. Kwa mazishi mengi mahubiri yanageuka kuwa ya kutisha walio hai, "leo ni yeye kesho ni wewe, ungekufa sai ungeenda wapi", na watoto wamekaa mbele kabisa kwa mkeka. Mwambie pasta kabla, kuna watoto wake mbele, tafadhali. Wengi ukiwaambia kwa upole wanaskia.

Familia yenye kila mtu na dini yake

Mum ni Katoliki, anko ni Sabato, jirani mwenye alileta sufuria ya pilau ni Mwislamu, na wote wanampenda mtoto, na kila mmoja anamwambia kitu tofauti siku moja. Kabla watu wajae kwa nyumba, wazazi mkubaliane maneno mtatumia, na mwambie anko na shosho pia. Akiuliza nani anasema ukweli, mwambie watu wazuri wanaamini tofauti, sisi hapa tunaamini hivi, ukikua utauliza zaidi.

Kuna kitu chenye naona kinashikilia wote bila kujali kanisa. John Mbiti, mwanateolojia wetu wa Kitui, aliandika kwamba kwa Waafrika wengi mtu akifa anabaki karibu, kwa kile aliita Sasa, maadamu kuna watu hai wenye walimjua na wanamkumbuka kwa jina, na huyo wa mwisho akienda ndio anazama kwa Zamani. Mtoto anaweza kushika hiyo kwa mikono. Mwache aseme jina la guka kwa chakula. Kama amepewa jina la guka, mwambie ni kwa nini alipewa. Mpe kofia yake, redio yake, kitu. Mwache achore. Familia nyingi zikitoka ushago picha inageuzwa na jina halitajwi tena ati ndio mtoto asahau, na mtoto anaelewa kwamba guka alienda mahali pabaya ndio maana hatajwi.

Akirudi shule, mtumie ticha ujumbe aelewe. Watoto wanaomboleza kwa vipande, analia dakika kumi alafu anaenda kucheza mpira, hiyo ni kawaida. Kukojoa kitandani, tumbo kuuma kila asubuhi, kukataa kulala peke yake, pia inatokea na inapungua. Ikizidi wiki na wiki, ama ameacha kula na kucheza kabisa, ama anaongea kila siku kuhusu moto, mpeleke kwa mshauri, kama shule ina ticha wa ushauri anza na yeye.

Akifika kumi na mbili hivi swali linarudi na sura ingine. Sasa hataki kujua guka ako wapi, anataka kujua kama ni haki. Mtu ameua watu, ametubu dakika ya mwisho, anaingia? Na shosho wa jirani Mhindu mwenye hajawahi dhulumu mtu, anachomwa milele? Usimwambie anakufuru. Msome pamoja ile ya mwizi msalabani, Luka 23, mwenye aliambiwa leo utakuwa pamoja nami peponi, na umwache akasirike kama inamkasirisha. Kama maswali yamekuzidi mpeleke kwa fadha, kwa pasta, kwa ustadh, mtu mwenye unajua hatishi watoto, uende uketi hapo na yeye na umwache aulize kwa mdomo wake. Mkitoka muulize ni nini ameshika, na kama kuna kitu kimemtisha muongee hiyo siku kabla alale.